Birika la Nili na Kicheko cha Bi Rudaina

Wamesimulia waliotutangulia, nasi twasimulia kama tulivyopokea, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa na yasiyokuwa, ya kwamba palikuwa na mja mmoja mwema akiitwa Sheikh Tamimu bin Zahiri, mtia rangi nguo, katika mji mmoja wa Arabuni uliozungukwa na mashamba ya nili, mmea utoao rangi ya buluu.

Sogeeni karibu, maana kisa hiki nakipenda mno na sitaki mtu akose hata neno. Na wewe uliyeingia umenuna kwa sababu mvua imekulowesha njiani, njoo mbele kabisa. Wewe ndiye niliyekuwa nikikungoja!

Basi huyu Sheikh Tamimu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa subira kubwa. Mafuriko yalipobomoa karakana yake na kuzoa nguo zote za wateja, alisimama kwenye tope akasema, "Alhamdulillah, roho zetu zimesalimika." Mwanawe wa pekee, Nuuman, alipofariki akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, alimwosha kwa mikono yake, akamzika, akarudi nyumbani akasema, "Cha Mungu kimerudi kwa Mungu." Watu wa mji wakamfanya mfano. Walisema, ukitaka kuiona subira inatembea kwa miguu miwili, mtazame mtia nili.

Kumbe hawakuijua siri ya nyumba yake! Mtu yule aliyesimama imara mbele ya mafuriko, alikuwa hawezi kusimama mbele ya kijiwe kwenye dengu. Akitafuna kijiwe, nyumba nzima haikaliki. Ukambaa wa kubadhi, kiatu chake cha ngozi, ukikatika, ataugombeza njia nzima hadi msikitini. Mlango wa ua wake ulikuwa na tabia ya kuvimba kwa unyevu ukagoma kufunguka, naye alikuwa akiusemesha, wallahi, akiusemesha mlango: "Nimekukosea nini wewe? Nimekukosea nini?" Mnacheka? Msicheke haraka. Nyumbani kwenu napajua.

Mkewe, Bi Rudaina binti Asadi, Mungu amridhie, alikuwa kinyume chake. Mwanamke yule alijaaliwa kicheko. Si kicheko cha dharau, hasha. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyefurahi kuwapo duniani siku ile. Mvua ikivuja kitandani, atacheka. Mkate ukiungua upande mmoja, atakula upande wa pili huku akicheka. Na mumewe alipokuwa akigombana na mlango, ndipo mbavu zilipokuwa zikimuuma hasa. Walikuwa na mbuzi wa maziwa, zawadi ya mama yake Bi Rudaina, jina lake Sultana. Mbuzi huyo alikuwa mwema kwa kila kitu ila kimoja: alipenda vilemba.

Siku moja ya Jumanne, Sheikh Tamimu alirejea kutoka msikitini na ukambaa wa kubadhi umekatika. Akaukuta mlango umegoma. Akausukuma kwa bega, mlango ukafunguka kwa ghafla akaingia ndani mbio, akapiga magoti mbele ya Sultana. Sultana naye hakupoteza wakati, akaudaka mkia wa kilemba akaanza kutafuna. Sheikh akavuta huku, mbuzi akavuta kule. Sheikh akasema, "Achia, ewe dhalimu!" Mbuzi akamtazama tu, anatafuna.

Bi Rudaina alikuwa penye meko. Alicheka mpaka akakaa chini.

Na hapo hasira ikampanda Sheikh ikamfika utosini. Akanyanyua kidole chake juu, akatamka maneno ambayo mtu wa nyumba yoyote ayaogope kuliko moto: "Wallahi, wabillahi, watallahi! Ukicheka tena mbele yangu kabla jua la Ijumaa halijazama, umeachika talaka tatu!"

Lahaula! Talaka tatu, ndugu zangu! Moja mtu anaweza kumrejea mkewe. Tatu haziokoteki, zikishamwagika zimemwagika. Kicheko kikakatika papo hapo. Sheikh mwenyewe alibaki na kidole juu, kwa kuwa neno lilikuwa limekwisha toka na halina mlango wa kurudia. Hata Sultana aliachia kilemba.

Sheikh hakukaa. Alitoka vilevile, kubadhi moja mguuni na kilemba kimeng'atwa, akaenda kwa Kadhi Waddahi. Kadhi huyu alikuwa mzee mkavu, mwadilifu, ambaye hapakuwa na mtu mjini aliyewahi kuyaona meno yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Ewe Tamimu, hasira ilikufikisha wapi? Je, ilikufunika hata usijue unalolinena? Maana aliyepotewa na akili kwa ghadhabu, maneno yake hayana uzito kwangu, nami nitahukumu sasa hivi kwamba kiapo hicho ni upepo tu."

Mmeona? Mlango umefunguliwa wazi! Neno moja tu, "Naam, sikujua," na mtu arudi kwake akalale. Nani angemwona? Mke asingemshitaki, mbuzi hasemi. Nafsi ikamwambia, sema, sema upesi! Sheikh Tamimu alifungua kinywa, akakifunga. Alimpenda mkewe mno, na kwa kumpenda huko uongo ulikuwa mtamu ulimini mwake. Lakini alikumbuka kwamba kuna Mmoja aliyekuwapo uani saa ile.

Akasema, "Hapana, Kadhi. Nilikasirika sana, ila nilijua ninalolisema. Hata siku niliichagua mwenyewe."

"Umesema kweli," akasema Kadhi, "na kweli yako imekufunga. Basi ndoa yako, Tamimu, sasa imo mdomoni mwa mkeo. Nenda ukamwombee subira."

"Je, kwa nini nisihamie msikitini mpaka Ijumaa ipite?"

"Na zile nguo za mayatima ulizoahidi kuzitia rangi kwa ajili ya sikukuu, atazinyanyua nani kutoka lile birika la rangi uani kwako? Nguo iliyolowa nili hainyanyuliwi na mtu mmoja. Tena ukikimbia leo, Jumamosi utarudi kwenye mlango uleule na mbuzi yuleyule. Nenda nyumbani, ukafanye kazi yako."

Akarudi. Akamweleza mkewe yote, hata lile la mlango aliofunguliwa na Kadhi akakataa kuupita. Bi Rudaina alikuwa amekaa, macho mekundu. Akamwambia, "Talaka tatu, bwana wangu? Kwa ajili ya kilemba?" Sheikh akainama. Kisha yule bibi akapangusa uso, akasema, "Afadhali umesema kweli. Ungeongopa, ningeishi nawe humu nikijiuliza kila asubuhi kama mimi ni halali yako. Haya. Mungu atatupitisha. Lakini sikiliza nikwambie jambo, maana hulijui. Mimi sikukicheka kilemba. Nilikucheka wewe, unavyogombana na mbuzi kama mtu na jirani yake waliogombea mpaka wa shamba. Usipogombana, mimi sina la kuchekea."

Sheikh akaona amepata dawa! Akakata shauri: kuanzia kesho, hatagombana na kitu. Kila udhia utakaomjia, atasema Alhamdulillah.

Basi, wasikilizaji wangu, ikaingia Jumatano, na Jumatano hiyo nadhani shetani aliamka mapema kuliko mwadhini. Sheikh alikaa kula dengu, na tonge la kwanza tu, ka! Kijiwe. Mashavu yakamjaa upepo, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakatoka, na kupitia katikati ya meno yaliyobanana ikatoka sauti ya mtu anayelaani ukoo mzima: "Al... ham... du... lil... LAAAH!"

Jamani! Bi Rudaina alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kwa shukrani ya namna ile. Kicheko kilimjia mbio kutoka tumboni. Alipokiona kinafika kooni, aliruka akauendea msala, akaelekea kibla, akanyanyua mikono: "Allahu Akbar!" Akaingia kwenye sala. Mwenye kucheka katika sala ameiharibu sala yake, na Bi Rudaina alikuwa akimwogopa Mola wake kuliko alivyokuwa akikiogopa kicheko. Akasali rakaa mbili za Dhuha, sunna ya asubuhi, akatulia. Akatoa salamu, akageuka. Mumewe alikuwa bado anakitafuta kijiwe kwa ulimi, kidole kimoja mdomoni, huku ananung'unika, "Alhamdulillah, Alhamdulillah, kiko wapi hiki, Alhamdulillah." Bibi akageuka tena upesi. "Allahu Akbar!"

Siku ile mlango uligoma, "Alhamdulillah!" akaupiga teke. Nzi akatua kwenye pua yake mikono yote miwili ikiwa ndani ya nili, akampuliza, nzi akarudi, akampuliza, nzi akarudi, "Alhamdulillah, ewe nzi!" Na kila mara, mkewe mbio kwenye msala. Jirani yao, Bi Hubaba, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, akaenda kuwatangazia wanawake kisimani kwamba Bi Rudaina amefikia daraja ya mawalii, hasikii wala haoni isipokuwa rakaa.

Alhamisi asubuhi Bi Rudaina alikuwa hoi. Wakiwa wanakoroga birika pamoja, akaweka mti wa kukorogea chini. Birika lenyewe lilichimbwa ardhini pale uani, kina chake kinamfika mtu kifuani, na ndani mna nili, chokaa na tende zilizochachushwa. Akasema, "Bwana wangu, nakusihi. Ama shukuru kweli, ama nyamaza kimya. Hii shukrani yako ya kukunja ngumi itatuachanisha!"

"Nifanyeje?" akasema Sheikh. "Ulimi unashukuru lakini moyo haukubali. Kwenye msiba mkubwa namwona Mungu. Kwenye kijiwe cha dengu simwoni. Naona kijiwe tu."

Bi Rudaina akakaa ukingoni mwa birika. Na maneno aliyoyasema hapo ndiyo yaliyonifanya nikipende kisa hiki, basi yasikilizeni vizuri.

"Siku tuliyomzika Nuuman," akasema, "nilirudi nyumbani nikaukuta mlango huu umegoma. Unakumbuka? Tulisimama nje na mikono yetu mitupu. Sikuwa na machozi tena. Nikasema moyoni, ewe Mola, jana mlango huu uligoma nikiwa na mtoto mgongoni, nikaukasirikia. Ningejua ile ilikuwa siku ya neema! Tangu hapo, kila siku ambayo msiba wake mkubwa ni mbuzi kula kilemba, naiona ni siku tuliyopewa bure. Ndiyo maana nacheka. Wewe uliona nakudharau. Mimi nilikuwa nashukuru."

Tangu siku ya mazishi, miaka ilikuwa imepita, Sheikh Tamimu hakuwa amecheka hata mara moja, na hakuwahi kujua kama mkewe alikuwa akicheka kwa ajili ya wote wawili. Alishika mti wa kukorogea akaendelea na kazi, lakini alikoroga polepole, na jioni ile alipokanyaga maji baridi yaliyomwagika mlangoni, alisimama tu akayatazama, akasema kwa sauti ndogo, "Miguu ingali inahisi baridi." Bi Rudaina akamtazama kwa pembe ya jicho. Hakukimbilia msala.

Sasa ikaja Ijumaa yenyewe! Asubuhi ikapita salama. Sheikh akaoga, akaenda msikitini, akarudi. Mlango ukagoma, akauegemea akangoja, ukafunguka wenyewe. Mchana ukapita, Alasiri wakaisali. Zikabaki nguo chache za mayatima na jua linateremka. Wote wawili walikuwa wakilitazama jua lile kwenye ukuta wa mashariki, jinsi mwanga ulivyokuwa ukipanda juu kidogo kidogo na kivuli kikiufuata nyuma. Ukifika juu ya ukuta, mwadhini ataadhini na kiapo kitakuwa kimepita. Walikuwa hawasemezani kwa kuogopa kuchokoza jambo.

Wakainama kuinyanyua nguo ya mwisho, kila mmoja upande wake. Sheikh alikuwa amesimama ukingoni kabisa, mgongo wake umeelekea uani, na mkia wa kilemba unaning'inia nyuma. Na nyuma kulikuwa na nani? Sultana! Alikuwa amekata kamba. Mbuzi akaudaka mkia, akauvuta kwa nguvu zake zote. Sheikh akavutika nyuma, akajivuta mbele, kilemba kikafunguka, na kwa kuwa hapakuwa tena na cha kumzuia, akatangulia kichwa. Chubwi! Ndani ya birika. Ukingoni wakabaki Bi Rudaina na ncha ya nguo mkononi, na mbuzi na kilemba kizima mdomoni.

Ngojeni, hamjasikia kitu bado! Mnaijua nili? Nguo ikitoka kwenye birika la nili haitoki ya buluu. Inatoka kijani kibichi, kisha upepo ukiipiga inageuka rangi mbele ya macho yako. Basi Sheikh Tamimu aliibuka kijani. Kichwa kijani, ndevu kijani, nyusi kijani. Akasimama ndani ya birika akitweta, na Bi Rudaina akiwa anamtazama hivi hivi, pua ikaanza kugeuka buluu. Kisha masikio. Kisha ndevu, kutoka nchani kupanda juu, pole pole!

Ee Mola! Mwanamke gani duniani angestahimili? Bi Rudaina akaweka mikono miwili mdomoni. Akageuka aukimbilie msala, akasimama. Walikuwa wamekwisha sali Alasiri, na baada ya Alasiri sala ya sunna haisaliwi mpaka jua litue. Mlango ule wa sala ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga hakuwa binadamu. Akaukimbilia mlango wa ua, atoke nje, acheke njiani, acheke kwa Bi Hubaba, popote, mradi si mbele ya mumewe. Akauvuta. Umegoma! Akauvuta kwa mikono yote, akaweka mguu ukutani akavuta, mabega yanamtikisika, kicheko kipo kwenye meno, na mwanga bado haujafika juu ya ukuta.

Na mle birikani je? Sheikh aliibuka na hasira zake za miaka yote, moto moto. Alifungua kinywa amlaani mbuzi na aliyemzaa mbuzi. Lakini alipopangusa macho, kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa mbuzi. Alimwona mkewe mlangoni, anavyohangaika na mbao. Kisha Bi Rudaina akageuza uso, mikono ameirudisha mdomoni, na Sheikh akayaona macho yake juu ya ile mikono. Midomo ilikuwa inataka kucheka, lakini macho yalikuwa na hofu. Alikuwa akiogopa kuachika. Alikuwa akimwogopa yeye. Yule mwanamke aliyesimama naye kaburini pa Nuuman alikuwa akisubiri mumewe apige ukelele mmoja tu, na ukelele huo ungemaliza kila kitu.

Hasira ikamtoka. Sisemi aliizuia, ndugu zangu. Nasema ilimtoka, hata akashangaa.

Akasema kwa upole, "Rudaina. Usiogope, mama. Sitagombana."

Yule bibi akatulia, mgongo kwenye mlango.

"Nimeitafuta hasira humu," akasema Sheikh, "siioni. Nadhani imezama." Akainua mikono yake miwili juu ya nili akaitazama, buluu mpaka viwikoni, ikidondoka. Akasema, "Alhamdulillah." Na safari hii neno lilitoka jepesi, lilitoka mahali pake. "Alhamdulillah, ewe Mola. Umenipa birika, na nguo za mayatima, na mbuzi mwenye nguvu, na mke aliyebaki. Maisha yangu yote nawatia watu rangi. Leo umenitia mimi."

Kisha akacheka.

Yeye! Sheikh Tamimu! Kilianza kidogo kama kikohozi, kikakwama, halafu kikatoka kizima, akacheka mpaka nili ikawa inapiga mawimbi kifuani mwake. Aliangalia ndevu zake akacheka. Akamwangalia Sultana na kilemba akacheka, akasema, "Kula, mama, kula, leo umekifanyia kazi!"

Na Bi Rudaina? Mnangoja niseme alicheka. Hakucheka. Kicheko kiliyeyuka palepale kooni, kwa maana hakikuwa na cha kuchekea: hapakuwa na ugomvi pale. Alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu nyumba yao ilipokuwa na mtoto. Akateleza chini mlangoni, akajifunika ushungi usoni, akalia. Alilia sana, machozi ya furaha na ya Nuuman pamoja, huku mumewe mwenye rangi ya buluu akicheka birikani, na mwanga ukapanda juu ya ukuta ukaondoka.

Mwadhini akaita, "Allahu Akbar! Allahu Akbar!"

Jua limezama! Kiapo kimepita! Lakini Bi Rudaina, Mungu amtukuze, alikuwa mwanamke wa adabu. Adhana haikatwi kwa kicheko. Alikaa wima akaiitikia neno kwa neno, mpaka ya mwisho, akaomba dua ya baada ya adhana bila kuifupisha. Kisha akapangusa macho. Akamtazama mumewe juu mpaka chini, ndevu, masikio, nyusi. Akasema, "Sasa nina ruhusa?"

"Unayo," akasema Sheikh.

Basi kikatoka cha Jumatano, na cha Alhamisi, na cha Ijumaa! Wanasema ndege waliruka kutoka juu ya paa. Bi Hubaba alichungulia ukutani, akaona walii wake amelala chini anashika mbavu, na mtu wa buluu ndani ya birika anamnyooshea mkono amvute, na wote wawili hawawezi kwa kucheka.

Sheikh akajimwagia maji, akavaa nguo safi, akatawadha upesi, ila nili haijui sabuni. Akaingia msikitini na buluu yake, akajipanga safu ya mwisho. Kadhi Waddahi ndiye aliyesalisha. Baada ya salamu na nyiradi, Kadhi aligeuka kuwatazama watu, macho yake yakafika safu ya mwisho yakasimama hapo.

"Ewe Tamimu," akasema, "jua la Ijumaa limezama. Yuko wapi mkeo?"

"Yuko nyumbani, Kadhi. Anacheka."

Kadhi akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu ilipokwisha adhana."

Na hapo ndipo watu wa mji ule, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, walipoyaona meno ya Kadhi Waddahi. Yalikuwa machache.

Inasemekana rangi ilimkaa Sheikh Tamimu mwezi mzima, na mayatima waliovaa nguo zake siku ya sikukuu walimfuata njiani wakimwita baba yao, kwa kuwa alifanana nao kuliko mtu yeyote. Na mlango ule hakuutengeneza. Alisema anaogopa ukipona atasahau.

Ndugu zangu, misiba mikubwa tunaipokea kwa heshima kwa sababu tunajua imetoka kwa nani. Hii midogo tunadhani imetoka kwa mbuzi. Nendeni nyumbani sasa, kabla mvua haijarudi. Na mtu akikuta leo kilemba chake kimeliwa, kabla hajafungua kinywa ajiulize: wote waliolala humu jana, wamo? Wamo? Basi aseme Alhamdulillah, acheke na watu wake, kisha ndio amfunge mbuzi.